Mama Mkwe na Aderansi

Venant alikuwa amechukua samaki wa mke wake na kumfanya gari.

"Tazama sasa, Adélaïde. Huyu samaki njo Coccinelle yetu. Sahani njo barabara ya Ngomo. Mafuta ya sombe njo matope." Aliinamisha sahani yenye kisamvu, akamsukuma samaki kwa kidole. Samaki alizunguka, akatanguliza mkia, akavuka ukingo wa sahani na kuanguka sakafuni. "Umeona? Mukia inapita kichwa! Njo vile tulipoteza aderansi pale Nyangezi."

"Na njo vile nilipoteza chakula yangu," alisema Adélaïde. Alimwokota samaki, akampangusa, akamweka kwenye sahani ya Venant, kisha akachukua samaki wa Venant akaanza kula.

Edouard, mgeni wao, hakucheka. Hakuweza. Shingo yake ilikuwa imefungwa taulo tangu asubuhi, pale Coccinelle ilipotoka barabarani katika mazoezi na kuingia shamba la mihogo la watu. Edouard na Venant walifanya kazi ofisi moja, katika bohari ya chai, na Edouard ndiye aliyekuwa kopilote wa kukaa pembeni na kusoma viraje, yaani kona, katika mashindano ya magari ya Jumamosi kutoka Bukavu hadi Kamanyola. Mezani hapo hapo alitangaza kwamba amejiuzulu.

"Shingo iko moja, Venant. Nitasoma viraje mu ndoto."

"Lakini ulikuwa wapi niliposema 'inama kushoto'?"

"Nilikuwa mu mihogo tayari."

Aderansi lilikuwa neno la mwezi ule. Venant alilitoa katika gazeti la Kifaransa la magari alilolisoma mpaka kurasa zikalegea. Maana yake ni namna tairi inavyoshika udongo, na namna inavyouachia gari linapokata kona. Kazini alikuwa Citoyen, yaani Raia, Mugaruka, kwa sababu serikali ilikuwa imepiga marufuku majina ya ubatizo. Nyumbani alibaki Venant, na kwa mwezi mzima Venant hakuzungumza jambo lingine. Alikuwa ameng'oa kiti cha nyuma cha gari ili liwe jepesi, na sasa kuku walikuwa wakilala juu yake chini ya paa. Gari lenyewe walilinunua wote wawili, nusu kwa mshahara wa bohari, nusu kwa mshahara wa Adélaïde, aliyefundisha hesabu shule ya sekondari. Kuhusu kiti, Adélaïde hakuulizwa.

"Sikia, Edouard," Venant aliendelea, akisahau samaki. "Aderansi iko kama muke mwenye hasira. Ukimukamata na nguvu, anakimbia. Ukimuacha gafula, anakimbia tena. Lazima umufinye polepole. Usiku minamuota! Viatu mupya ine nilinunua ju yake!"

Viatu ni jina ambalo madereva wa Bukavu huyapa matairi. Edouard alilijua, Adélaïde pia. Lakini nyuma ya pazia la chumba cha pili, mahali alipokuwa akila peke yake, Maman Nsimire hakulijua.

Maman Nsimire alikuwa mama yake Adélaïde. Alikula nyuma ya pazia kwa sababu kwa desturi ya ukoo wake mkwe wa kiume hali mbele ya mama mkwe, hamtazami usoni, hasemi naye ana kwa ana, na hata akifa kwa baridi hamgusi. Mjomba mmoja wa ukoo ule, Télesphore, alimwangukia mama mkwe wake juu ya lori la Uvira lilipoingia shimoni. Alihamia kisiwa cha Idjwi kwa aibu, na mpaka leo anavua dagaa huko.

Maman Nsimire aliweka chini tonge lake. Aderansi. Alikuwa akifahamu akina Prudence, Clémence na Florence, na huyu bila shaka alikuwa wa darasa lao. Anaishi Nyangezi. Ana hasira. Anaotwa usiku. Na amenunuliwa viatu vinne, jozi mbili nzima, wakati binti yake anakwenda kufundisha na sandali zilizoshonwa kwa waya!

Aliokota tonge lake tena, akalitafuna. Mama mwenye akili hamtii binti yake moto rohoni kabla hajaona kuni.

Kilichomzuia Adélaïde asitupe Coccinelle ziwani pamoja na dereva wake kilikuwa mafuta. Mwaka ule petroli ilikuwa imetoweka Bukavu, na mazoezi ya asubuhi yalikuwa yamekausha tone la mwisho la Coccinelle. Malori yalilala katika mitaa ya Panzi na Nyawera kama ng'ombe wagonjwa. Kamati ya mashindano peke yake ilikuwa imepata mapipa, nayo ingejaza tenki la kila gari Jumamosi asubuhi, mahali pa kuanzia, si kabla.

Na Jumamosi hiyo hiyo Maman Nsimire alitakiwa awe Kamanyola.

Alikuwa na shamba la mpunga huko, kwenye uwanda wa Ruzizi, shamba la kumwagilia kwa mfereji. Kila Jumamosi ilikuwa Salongo, kazi ya lazima: wenye mashamba wote walisafisha mfereji, kisha majina yakaitwa. Mwenye kukosa mara tatu alinyang'anywa shamba, akapewa mwingine. Maman Nsimire alikuwa amekosa mara mbili kwa ajili ya goti lililomleta hospitali mjini. Mpunga wa shamba lile ulilisha nyumba mbili, ya kwake na ya binti yake. Mshahara wa bohari ulikuwa unachelewa, wa walimu haukuwa na tarehe, lakini mpunga ulikuja kila mwaka.

"Bila kopilote hawataniacha nianze," Venant alisema akishika kichwa. "Hawataniwekea mafuta. Batu wawili katika gari, si moja, si tatu. Nitapata kopilote wapi?"

Adélaïde alimaliza samaki. Alilamba vidole.

"Kopilote iko."

"Iko wapi?"

"Nyuma ya pazia ile."

Edouard aligeuza shingo kutazama pazia, akalia kwa maumivu.

"Adélaïde," Venant alinong'ona, "gari iko na viti viwili. Vinagusana."

"Hapana. Kati yao kuna gia."

"Viraje iko mingi! Kila viraje inasukuma mutu. Ya kuume itamuleta kwangu, ya kushoto itanipeleka kwake! Unataka nihamie Idjwi?"

"Nataka mama afike kwenye mufereji kabla baite jina yake. Vile utakata viraje, ile ni hesabu yako. Si uko na gazeti?"

Kutoka nyuma ya pazia sauti ilisema, "Adélaïde, mwambie bwana yako minakubali."

Ilikuwa haraka kuliko Adélaïde alivyotegemea. Hakujua kwamba kwa mawazo mama yake tayari alikuwa njiani kwenda Nyangezi, kuona sura ya huyo Aderansi.

*

Magari yalipangwa karibu na soko la Nyawera, na nusu ya mji ilikuja kuyatazama, kwa sababu hakukuwa na gari lingine la kutazama. Kulikuwa na Peugeot mbili za wafanyabiashara wa kahawa, Toyota ya mhandisi mmoja, Renault ndogo, na Coccinelle rangi ya maziwa yenye bamba moja la ubavuni lililokunjwa na mihogo ya Nyangezi.

"Kopilote wako, citoyen?" aliuliza ofisa wa kamati.

Venant alionyesha kwa kidevu, akitazama pembeni. Maman Nsimire alikuwa amesimama na kitenge cha Jumapili, magunia mawili ya maharagwe, sufuria kubwa, na fimbo.

"Huyu maman anajua kusoma viraje?"

"Adélaïde," alisema Maman Nsimire, "mwambie huyu papa viraje hazisomwi. Zinaonekana na macho."

Ofisa alicheka, akatoa kofia ya pikipiki. Sheria ni sheria, kopilote lazima avae. Kilemba cha Maman Nsimire kilikuwa kikubwa na kimefungwa kwa pini, naye hakuwa mtu wa kuvua kilemba mbele ya wanaume. Kofia ikawekwa juu ya kilemba, ikakaa pale kama sufuria juu ya mafiga. Watu walipasuka.

"Papa, unapeleka dot ao unairudisha?" alipiga kelele mchukuzi mmoja wa soko, akimaanisha mahari.

"Anarudisha mama, anabaki na binti!"

"Angalia, usimumwange kwenye Ruzizi, mamba wakamukula!"

"Mamba hatamumaliza!" aliongeza mwingine, na Venant akatamani ardhi ifunguke impokee yeye na gari.

Adélaïde alifungua boneti ya mbele, maana Coccinelle hubeba mizigo mbele na injini nyuma, akaanza kupakia maharagwe.

"Uzito!" Venant alilia. "Mwezi muzima niko napunguza uzito! Niling'oa mpaka kiti!"

"Ndiyo. Sasa kuna fasi." Aliibamiza boneti. "Sikia, Venant. Kushinda, kushindwa, miye ile hainihusu. Mama afike saa ya kuita majina. Usisimame njiani hata mutu akulilie. Na usimuguse."

Maman Nsimire, aliyekuwa ameshaketi, alisikia hilo la kusimama njiani na akatikisa kofia kwa nguvu. Kumbe binti naye anajua, alifikiri. Maskini mutoto wangu.

Bendera ikashushwa.

*

Kona ya kwanza baada ya Panzi ilikuwa ya kulia. Venant aliingia kama alivyozoea, kwa kasi, akavuta usukani kwa nguvu. Maman Nsimire alianza kuteleza kwenye kiti kuelekea kwake, taratibu, na kitenge chake cha hariri ya bandia hakikumsaidia. Venant aliona kofia inakuja. Aliogopa, akaachia pedali ya petroli ghafla katikati ya kona. Mkia wa gari ukachomoka, ukayumba, ukarudi. Maman Nsimire alikamata mpini ulio mbele ya kiti na kusimama upana wa kiganja kutoka begani mwake.

"Adélaïde," alisema, ingawa Adélaïde alikuwa amebaki Nyawera, "mwambie bwana yako miye siko gunia."

Venant alikikodolea macho kioo cha mbele. "Gari, mwambie Mama anisamehe."

Wakaendelea hivyo. Hakukuwa na mtu wa tatu wa kupeleka maneno, basi kila mmoja aliyatuma kwa aliyempata. Maman Nsimire alisema na binti asiyekuwepo, Venant alisema na gari.

Kona ya pili alifunga breki mapema, gari likiwa bado limenyooka. Aligeuza usukani polepole kama mtu anayefungua mlango wa chumba cha mtoto aliyelala, kisha akakanyaga petroli kidogo tu, mguu usiondoke. Kofia ya Maman Nsimire haikusogea. Kona ya tatu, vivyo hivyo. Na Venant aligundua jambo ambalo gazeti lilikuwa limemwambia mara nyingi bila yeye kulisikia: gari nalo halikusogea. Lilikata kona kama kisu katika chikwange, mkate wa mihogo. Pua yake, ambayo siku zote ilikuwa nyepesi na yenye kwenda ilikotaka, sasa ilikuwa na magunia mawili ya maharagwe juu ya matairi, nayo ilitii. Siku zote alikuwa anaugombeza usukani. Leo, kwa kumwogopa mama mkwe, alikuwa anaubembeleza.

Peugeot ya kwanza ya wafanyabiashara wa kahawa iliwapita kwa honi na kelele. Baada ya kona mbili waliikuta barabarani inatazama Bukavu, dereva ameduwaa, kopilote anatapika nje ya dirisha.

"Aderansi," Venant alinong'ona kwa furaha. "Aderansi yangu, leo usiniache."

"Adélaïde!" Maman Nsimire aliruka kitini. "Unasikia? Anamuita mbele yangu! Mbele ya mama yako!"

Venant hakuelewa. Alidhani mama mkwe hapendi Kifaransa.

Walipokaribia Nyangezi, Maman Nsimire alianza kazi yake. Alitoa kichwa na kofia dirishani akakagua kila mwanamke barabarani. Msichana mwenye beseni la ndizi alipunga mkono, kama wote walivyopungia magari.

"Ni ule?" aliuliza.

"Gari, Mama anauliza nini?"

"Adélaïde, mwambie bwana yako asijifanye mujinga. Tuko Nyangezi. Alisema yeye mwenyewe, alimupoteza Nyangezi."

"Ah!" Venant alifurahi kwamba hata mama mkwe alikuwa anafuata mambo ya ufundi. "Ndiyo! Pale kwa mihogo! Nilifinya sana, akaenda. Lakini leo niko naye tangu Panzi."

Maman Nsimire aligeuka kutazama nyuma, mahali kiti kilipong'olewa. Hapakuwa na mtu. Akafanya ishara ya msalaba.

*

Mvua ilikuwa imenyesha Ngomo. Mlima ule barabara huteremka kwa kujikunjakunja mpaka uwanda wa Ruzizi, upande mmoja ukuta wa udongo mwekundu, upande mwingine hewa. Chini kabisa bati za Kamanyola zilimeta. Jua lilikuwa limepanda. Kwenye mfereji kazi ilikuwa inakwisha, watu walikuwa wameshaanza kurundika mapanga na masepetu, na Maman Nsimire, aliyeona kivuli cha mti kimefupika, alikaza mpini.

"Adélaïde, mwambie bwana yako bataita majina karibu."

Venant aliongeza mwendo kidogo. Kona kushoto, sawa. Kona kushoto tena, sawa. Kisha ikaja ya kulia, ndefu, yenye kujifunga mwishoni, na katikati yake maji ya mvua yalikuwa yamelaza udongo laini kama mafuta ya mawese. Matairi ya mbele yakapita. Ya nyuma yakaachia.

Mkia ulianza kwenda kushoto, upande wa hewa, polepole mno, kama mgeni anayeaga. Dawa Venant aliijua: kufuata mkia kwa usukani, kuzungusha kushoto haraka, na mguu kubaki kwenye petroli. Lakini Maman Nsimire alikuwa amefika. Mpini uliteleza mkononi mwake, naye akaja mzima, kitenge, kilemba, kofia na miaka yake yote, akatua juu ya mkono wa kulia wa mkwe wake na kuubana juu ya paja.

Venant akawa jiwe. Mkono ulikuwa chini ya mama mkwe. Akiuvuta, anamgusa zaidi. Asipouvuta, wanakwenda.

"Aderansi!" alilia. "Aderansi anapotea!"

"Muache apotee!" alipiga kelele Maman Nsimire sikioni mwake. "Uko na muke! Uko na muke wa kanisa!"

"Muke gani? Si mutu, Mama! Ni mipira! Ni vile mipira inakamata udongo!"

"Na viatu ine?"

"Ni mipira! Mipira ya gari!"

Yote haya yalisemwa kwa muda wa mtu kupiga chafya moja, na muda wa chafya ya pili haukuwepo. Maman Nsimire alitazama kupitia dirisha la Venant. Aliona Kamanyola yote, bila kitu chochote kati yake na yeye.

"Basi geuza ile volani, Venant! Unangojea nini?"

"Uko juu ya mukono, Mama!"

"Unisukume!"

"Mama, siwezi, heshima—"

"Heshima iko Bukavu! Unisukume!"

Venant alimsukuma. Alimsukuma kwa kiwiko na bega kama mtu anayesukuma lori, na Maman Nsimire mwenyewe akajirusha upande wake, akaukumbatia mlango. Mikono ikawa huru. Usukani ukazunguka kushoto. Mguu wa Venant ulitaka kwa moyo wote kuruka kwenye breki, akaukataza. Mkia ulisimama kidogo, ukafikiri, jiwe moja likaanguka chini wakalisikia kwa muda mrefu, kisha tairi za nyuma zikapata changarawe ukingoni, zikashika. Gari likanyooka.

Kona iliyofuata Venant aliiteremka polepole kuliko zote.

"Sasa," Maman Nsimire alisema mwishowe, akitazama mbele, "miaka yote hii binti yangu alikuwa anasema uko mupole. Nilidhani anakufichia mabaya."

"Ndiyo, Mama."

"Na ule Aderansi hayiko mutu."

"Hapana, Mama."

"Basi gari iko na viatu ine mupya, na Adélaïde iko na sandale ya waya." Alinyoosha kilemba. "Aliyekuzaa alikufundisha kuhesabu?"

Venant alianza kuhesabu kwa vidole juu ya usukani.

*

Kwenye mfereji, mkubwa wa Salongo, mwanaume mwembamba aitwaye Adalbert, alikuwa ameanza kuita majina. Kando yake alisimama Eulalie, jirani wa shamba la Maman Nsimire, na jembe lake tayari begani. Eulalie alikuwa mama mchapakazi na hakumchukia mtu. Alipenda tu mashamba yanayopakana na lake.

"Citoyenne Nsimire!"

Watu walitazama barabara.

"Hayiko," alisema Eulalie. "Alikwenda kwa bakubwa mu mji. Sasa anakula mukate."

"Citoyenne Nsimire, mara ya pili!"

Mbali, mahali barabara kuu ilipoingia Kamanyola, watu walikuwa wamekusanyika kwenye bendera ya mwisho. Vumbi lilionekana, na katika vumbi kitu cha rangi ya maziwa. Coccinelle ilikuwa mbele. Hapakuwa na gari lingine mbele yake.

Venant aliiona bendera. Aliona tarumbeta za wanafunzi, aliona hata kikombe kinang'aa juu ya meza. Upande wa kulia, kabla ya bendera, ilichepuka njia ya mashamba kwenda kwenye mfereji. Aderansi ilikuwa yake, mji ulikuwa unampigia makofi, na dakika moja tu ingemtosha. Maman Nsimire alikunja mikono juu ya mapaja.

Venant alishusha pumzi, akachepuka kulia. Nyuma yao tarumbeta zilikatika katikati ya wimbo.

Na hapo, kwenye tambarare, mahali pasipo mlima wala shimo, Venant aliyeshinda Ngomo alianza kujisikia. Alishika usukani kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alionyesha.

"Unaona, Mama, ile yote ni kumufinya polepole. Mutu wa bure angefunga breki. Lakini miye—"

Asubuhi nzima watu wa Salongo walikuwa wamechota tope la mfereji na kulitupa njiani. Lililala hapo, jeusi, laini, linang'aa. Njia ilikunja kushoto. Venant alizungusha usukani kushoto, tena zaidi, mpaka ukagoma. Matairi ya mbele yaligeuka vizuri kabisa, kama kwenye picha ya gazeti, na gari likaendelea kwenda moja kwa moja. Halikuwa na haraka. Lilipita kama sabuni juu ya sakafu.

"Citoyenne Nsimire, mara ya tatu na ya—" alisema Adalbert, akageuka, akaruka. Masepetu yaliruka pia, na watu, na Eulalie na jembe lake. Coccinelle ilipita katikati yao, ikapanda ukingo, ikavuka mfereji kwa kishindo kimoja, ikateleza juu ya maji ya shamba la Maman Nsimire mpaka katikati kabisa, ikazama hadi tumboni, ikazimika.

Chura mmoja alijaribu kulia, akaacha.

Dirisha lilishushwa. Kofia ya pikipiki ikatokea, na chini yake kilemba, na chini yake uso.

"Niko!" alisema Maman Nsimire.

Eulalie alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Amechelewa! Uliita mara tatu, Papa Adalbert! Batu bote balisikia!"

"Ya tatu sikumaliza," alisema Adalbert, akipangusa tope machoni.

"Na hakusafisha mufereji! Anaharibu mufereji!"

"Eulalie," ilisema kofia, "sauti yako naisikia, lakini wewe uko fasi gani? Miye niko mu shamba. Mwenye kutaka shamba yangu akuye anitoe humu."

Eulalie aliangalia maji. Aliangalia gari. "Papa Adalbert, ukinipa hii shamba, gari itatoka lini?"

"Ile si kazi ya Salongo," Adalbert alisema. Aliwaza kidogo, kwa sababu alikuwa mtu wa haki na wa uvivu kwa kipimo sawa. "Sheria inasema mwenye shamba lazima aonekane. Huyu anaonekana. Mimi tangu nizaliwe sijaona mutu anaonekana vile. Nsimire, présente! Jina ya kufuata!"

Watu walicheka mpaka wakaketi kwenye tope. Ndani ya gari Maman Nsimire alivua kofia, akaiweka mapajani mwa mkwe wake.

"Fungua boneti," alimwambia. "Maharagwe ikilala na maji, itaota."

*

Kikombe walipewa watu wa Renault. Kamati ilitangaza kwamba Coccinelle ilipotea ikiwa inaonekana, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea.

Adélaïde alifika Jumatatu, juu ya lori la chumvi lililopata petroli kwa njia ambayo hakuuliza. Njia nzima alikuwa anatayarisha maneno, na alikuwa na ya kutosha mpaka Uvira. Alimkuta mume wake mashambani, suruali imekunjwa mapajani, anapanda miche ya mpunga mstari mmoja na mama mkwe, wanagombana uso kwa uso juu ya nafasi kati ya miche. Katikati ya shamba lilikaa gari. Wanaume walilivuta Jumapili baada ya misa, kamba ikakatika. Trekta la ushirika lilikuwepo, zima kabisa, halina mafuta.

"Adélaïde!" Venant alisimama. "Shamba tuliokoa. Mama alifika."

"Naona."

"Na Ngomo! Ungeniona Ngomo!"

Adélaïde aliteremka ukingoni. Alivua sandali za waya, akakunja kitenge, akaingia majini. Alilizunguka gari lote kwa hatua ndefu, huku midomo yake ikihesabu, upande mrefu, upande mfupi, kama anavyofanya mwalimu wa hesabu anapopima ubao. Kisha akachomeka kijiti katika kila pembe, akafunga uzi wa kupandia mistari kutoka kijiti hadi kijiti, mpaka Coccinelle ikawa ndani ya kiwanja chake chenyewe.

"Mama," aliuliza, "fasi kama hii, wakati wa kuvuna, inalisha batu ngapi?"

"Mutu moja, mwaka muzima," alisema Maman Nsimire. "Kama hali sana."

"Muzuri." Adélaïde alichukua fungu la miche, akaanza mstari nje ya uzi. "Venant, sisi tutakula ya huku. Yako ni ile iko chini ya gari."

Venant alitazama kiwanja chake. Akavuka uzi, akapiga magoti majini, akaanza kuchimba tope chini ya gari.